Everton Walipokuja Kucheza na K'Ogalo

Utotoni mwangu, mpira kwetu Sori, kando ya Ziwa Victoria, ulikuwa Gor Mahia, au K'Ogalo kama tulivyowaita, na Gor Mahia ilikuwa sauti ya redio. Desemba 1987 K'Ogalo walitoka sare ya 1-1 na Espérance jijini Nairobi, baada ya 2-2 kule Tunis, wakatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa magoli ya ugenini. Sisi watoto hatukuwa tumemwona mshambuliaji wao Peter Dawo kwa macho, ila kila mmoja wetu alitaka aitwe Dawo.

Mabanda ya video yalipofika na madishi yao, jina hilo lilipotea upesi. Watoto wakawa Henry, wakawa Rooney. Mitumbwi nayo ikapakwa rangi za Arsenal na Man U. Mechi za Klabu Bingwa Ulaya huanza karibu saa tano usiku, wakati wavuvi wa omena wako ziwani na taa zao. Lakini mwezi ukiwa mpevu taa hizo hazivuti samaki, hivyo wavuvi hubaki nchi kavu. Usiku wa namna hiyo ukikutana na mechi kubwa, banda hujaa mpaka watu wanachungulia madirishani. Nilizipenda sana siku hizo, na bado nazipenda. Lakini Jumapili alasiri, saa ya timu zetu kucheza, vijana walikuwa ndani ya banda na kiwanja kimebaki na ng'ombe.

Ndiyo maana Julai 13, 2017 nimeiweka moyoni. Everton, wakiwa na jina la kampuni ya kubeti ya SportPesa kifuani, walikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia. Rooney, aliyekuwa amerudi tu klabu yake ya utotoni, alifunga kwa shuti la mbali. Jacques Tuyisenge akasawazisha kwa kichwa, na banda likapasuka kwa kelele. Tulifungwa 2-1, lakini skrini ileile iliyotuonyesha Uingereza miaka yote sasa ilionyesha kijani cha Gor. Mwaka uliofuata Gor walikwenda Goodison Park, uwanja wa Everton wakati huo, wakapigwa 4-0. Na Julai 2019, Kariobangi Sharks, klabu nyingine ya Kenya, waliwashinda Everton kwa penalti pale Kasarani, Nairobi.

Mwaka huohuo SportPesa ilisitisha shughuli zake Kenya kwa mgogoro wa leseni na kodi, na udhamini wake kwa vilabu vyetu ukakatika. Klabu ya Uingereza ilipata mashabiki; zetu zikabaki zikihangaika na mishahara. Naona ziara zile zilitupa hamu na fahari, vitu vya thamani, lakini mtoto wa Sori hakupata kocha wala ligi ya vijana kutokana nazo. Alichopata kwa wingi ni mikeka ya kubeti, na hilo linaniuma.

Lakini Agosti 2025 nililiona banda limejaa kwa ajili ya mechi ya CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Ryan Ogam wa Tusker aliifunga Morocco, Kenya ikashinda 1-0 huku ikicheza pungufu. Madagascar walitutoa kwa penalti katika robo fainali, na Ogam akaenda Wolfsberger ya Austria mwezi huohuo. Sasa vijana wa Sori wanaulizana matokeo ya ligi ya Austria.