Jamvi la Wamwani
Kabla ya mwaka 2017, msafiri aliyevuka Mto Ruvuma peke yake, mkoba begani, akashika njia ya Palma, hakukaa mgeni. Kimwani, lugha ya pwani hiyo ya kaskazini mwa Cabo Delgado, ni jirani wa Kiswahili. Salamu moja ilimfikisha jamvini. Aliandaliwa wali na samaki wa nazi, akateremshia kwa dafu, akainuka amekwisha kupata ndugu.

Tarehe 5 Oktoba, 2017, wenye silaha walishambulia Mocímboa da Praia; tarehe 24 Machi, 2021, Palma. Maelfu walikimbia, majiko yakazimika. Agosti 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliikomboa Mocímboa, na wengi wamerejea.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko, sharti mwenyeji apone kwanza, ndipo mgeni aje.