Baba yuko barabarani, familia ikae wapi?

Ukimuuliza dereva wa lori la masafa marefu anaishi wapi, mara nyingi atacheka kwanza. Nguo zake zipo nyuma ya kiti. Jiko na sufuria zipo kwenye boksi pembeni ya tela. Leo amelala Misigiri, kesho Kahama, keshokutwa yuko kwenye foleni ya mpaka wa Rusumo. Siku anazolala kitandani kwake kwa mwezi zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Baba mmoja mwenyeji wa wilaya ya Iramba, mkoani Singida, ameishi hivyo kwa miaka kadhaa. Alipooa alimpangishia mkewe chumba Mbagala, Dar es Salaam. Sababu yake ilieleweka: mzigo unapakiwa Dar, ofisi ya tajiri iko Dar, na kila safari inaanzia huko. Mke akakubali, ingawa hakuwa na ndugu hata mmoja mjini humo.

Mtoto wao alipofika miezi 8, usiku mmoja homa ilipanda ghafla, akakakamaa na kugeuza macho. Mama alimpigia mumewe, ambaye alikuwa ameegesha Nyakanazi, mkoani Kagera. Angefanya nini kutoka huko? Alibaki kusema tu, "Mama watoto, gonga kwa jirani." Jirani wa kwanza hakufungua. Wa pili alifungua, akaita bodaboda, na walipofika kituo cha afya muuguzi akaulizia kadi ya kliniki.

Kadi ilikuwa Nyakanazi.

Baba alikuwa na tabia ya kuweka nyaraka zote za familia kwenye mkoba mmoja ndani ya lori, kwa hofu ya wezi wa Mbagala. Vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, kadi ya mtoto, vyote vilikuwa vinasafiri na shehena kwenda Rwanda na kurudi.

Mtoto alikutwa na malaria, akatibiwa, akapona. (Kwa mzazi anayesoma hapa: homa inayokuja na degedege ni dalili ya hatari. Mtoto apelekwe kituo cha afya usiku huohuo, si kwa mganga, wala asisubirishwe mpaka kupambazuke.) Lakini tangu usiku ule mama alianza kusema wazi kwamba hapo wanapokaa si nyumbani.

Zikawepo njia mbili. Mama mkwe alitaka wahamie kwake, kijijini nje ya Kiomboi. "Mwanangu, nyumba ya mwanaume iko kwao," aliwaambia kwenye simu. Kule kuna shamba, kuna kuku, na bibi ana hamu ya kumlea mjukuu. Dereva naye alipendelea Singida mjini. Hesabu yake ilikuwa ya barabara: kutoka Dar hadi Rusumo ni zaidi ya kilomita 1,200, na Singida iko karibu kilomita 700 kutoka Dar, katikati ya safari. Angekuwa anapita nyumbani akienda na akirudi.

Mama alitaka Singida pia, ila kwa hesabu nyingine kabisa. Dada yake ameolewa pale, anaishi mtaa wa pili kutoka kwenye chumba kilichokuwa kinapangishwa, na mlango wake unafunguka saa nane za usiku. Hospitali ya rufaa ya mkoa ipo humohumo mjini. Kwa mama mkwe alijibu kwa adabu: "Shikamoo mama. Hatukukimbii. Kutoka kwako hadi hapa ni safari ya asubuhi, ukitaka kumwona mjukuu njoo ukae hata mwezi." Mkwe alinuna kidogo, kisha akaja na jogoo.

Marekani wako watu wanaoishi mwaka mzima ndani ya magari yenye kitanda na jiko, na baadhi yao huchagua South Dakota iwe anwani yao kwa kuwa jimbo hilo halitozi kodi ya mapato. Wanachotafuta ni mahali pa kupokelea barua na leseni. Kwa familia ya dereva wa hapa kwetu, anwani ina kazi nzito zaidi. Wafugaji wanaozunguka Manyoni na Itigi wanalijua jambo hili siku nyingi: vijana na ng'ombe hufuata maji, wazee na watoto wadogo hubaki kwenye boma.

Chukua mfano wa chanjo. Mtoto anachomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18. Kituo kinachomjua mtoto kina jina lake kwenye rejesta, na mhudumu wa afya wa mtaa anaweza kubisha hodi asipoonekana. Mtoto anayehamahama bila kadi huanza upya kila mahali. CHF iliyoboreshwa nayo, ambayo kaya ya watu 6 ililipia Sh30,000 kwa mwaka, ilijengwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kila shilingi hapo imefungwa na mahali. Na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, ukiwa hufahamiki mtaani, utaipata kwa taabu.

Walihamia Singida mtoto akiwa hajafikisha miezi 9. Jambo la kwanza mama alilofanya lilikuwa kuutoa ule mkoba kwenye lori. Kadi aliipiga picha, akaituma kwenye simu ya mumewe na ya dada yake. Baba naye, ambaye presha yake ilikuwa ikipimwa popote anapokumbuka, akaandikishwa kliniki hapo mjini.

Haikuwa raha tupu. Mara nyingi baba alipita usiku wa manane, akakaa saa tatu, tandiboi akilinda mzigo. Mtoto alikuwa akimwona anajificha nyuma ya shangazi wa jirani.

Mwezi uliopita tajiri akampangia njia ya Tunduma. Lori sasa linakata Morogoro kwenda Iringa na Mbeya, Singida haipo tena njiani. Baba akapendekeza wahamie Mbeya. Mama akamwambia, "Baba watoto, wewe nenda. Mwezi ujao mtoto anafikisha miezi 18, ana sindano. Sisi tupo hapa."

Wiki iliyopita aliegesha lori Dar likisubiri mzigo, akapanda basi la alfajiri kwenda Singida. Kwenye mkoba alikuwa na kitenge, viatu vya mtoto, na boksi tupu la vidonge vyake vya presha.