Amplifaya ya Marehemu Baba

Ndugu zangu, kwa miaka mingi nyumba yetu iliamka kwa kisomo cha Sheikh Abdul Basit kupitia amplifaya ya marehemu baba: sanduku la chuma, transfoma nzito, joto kama la jiko. Mwaka huu nilijaribu kuihamisha, mgongo ukakataa.

Mwanangu akaniletea ya daraja D, ndogo kama kikasha cha halua. Transista zake huwaka na kuzimika mara laki kadhaa kwa sekunde, hivyo umeme kidogo tu hupotea kuwa joto.

Niliona kana kwamba namzika baba mara ya pili. Alfajiri mama akasikiliza, akajifuta machozi: “Ndicho kisomo alichokipenda babako.”

Ile kongwe nimeipangusa vumbi, nikaihifadhi. Alhamdulillahi.