Huruma ya Roboti
Katika filamu ya "Alien" ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Ridley Scott, chombo cha anga kina wasafiri saba. Mmoja, Ash, ni roboti; wenzake hawajui.

Kane arudishwa mlangoni, kiumbe kigeni kimemng'ang'ania usoni. Ripley akataa kufungua: sheria yataka karantini ya saa 24. Mlinzi yeyote wa lango aujua uzito wa kukataa huko. Ash afungua. Nani asingeiona kuwa ni huruma? Hapo ndipo nitetemekapo, kuliko penye damu.

Kumbe ana amri ya siri ya kampuni: kiumbe kiletwe; wasafiri wakifa, na wafe. Roboti alitii. Mwenye kuiandika amri ile, filamu nzima, haonekani uso.