Mstari wa Mwisho Haukuonekana

Leo sitakueleza habari za mbolea wala za mbegu. Nitakueleza habari za kosa langu mwenyewe. Kosa hilo lilianzia kwenye kioo cha televisheni, lakini hasara yake ilikwenda shambani. Nimeona afadhali nikuambie, maana hata wewe linaweza kukupata.

Mimi ni bibi shamba. Nina umri wa miaka 46. Nilisomea cheti cha kilimo huko Ilonga, wilaya ya Kilosa. Sasa nafanya kazi Mbezi Luis, Dar es Salaam. Labda utauliza: bibi shamba anafanya nini mjini? Ni kweli, Mbezi Luis imekuwa mji. Tangu mwaka 2021 kituo kikubwa cha mabasi ya mikoani, Kituo cha Magufuli, kipo hapa. Lakini huku mabondeni, karibu na maji, watu bado wanalima mchicha, matembele na bamia. Mboga hizo huliwa na watu wengi wa mjini. Kwa hiyo kazi ipo.

Kazini natumia kishikwambi. Hiki ni chombo bapa kama kibao cha mwanafunzi. Kina kioo, na unakitumia kwa kugusa kwa kidole. Wengi wenu mlikiona wakati wa Sensa ya mwaka 2022. Makarani walipita nyumba kwa nyumba na kuandika majibu yenu ndani yake. Mimi huweka humo picha za wadudu, picha za magonjwa ya mimea, na maelezo ya dawa.

Mkutano wa Jumamosi

Jumamosi moja asubuhi niliitisha mkutano wa wakulima wa mboga. Walikuja watu 23. Viwavi walikuwa wanakula mchicha wao, na walitaka kujua dawa na namna ya kuitumia. Kishikwambi ni kidogo. Watu 23 hawawezi kukitazama kwa pamoja. Kwa hiyo tulikaa barazani kwa mwenyekiti wa kikundi, tukatoa televisheni yake nje. Nikaunganisha kishikwambi na televisheni kwa waya.

Picha ikatokea. Lakini haikuwa sawa. Kiwavi alionekana mfupi na mnene kama kidole gumba. Mzee mmoja akasema, "Bibi shamba, viwavi wa kwenye televisheni wanakula vizuri kuliko sisi!" Watu wakacheka sana. Mimi pia nikacheka.

Kijana mmoja akachukua rimoti. Akabonyeza kitufe mara mbili, mara tatu. Kiwavi akarudi umbo lake. Picha ikawa kubwa, ikajaza kioo chote. Watu wakapiga makofi. Nami nikafurahi. Sikujua kwamba hapo ndipo kosa lilipoanza.

Nikaonyesha picha moja baada ya nyingine. Picha ya mwisho ilikuwa ya maelezo ya dawa. Niliyaandika mimi mwenyewe kutoka kwenye kibandiko cha chupa. Yalikuwa na mistari sita: vaa glavu na kitambaa puani, pima dawa kwa kifuniko, changanya na maji, nyunyiza jioni, nawa kwa sabuni. Mstari wa sita, chini kabisa, ulisema: "Usivune kabla ya siku 7 kupita."

Nilisimama nikiwa nimeitazama televisheni, nikawasomea watu kilichokuwa pale. Nikasoma mistari mitano. Nikamaliza. Nikasema, "Kuna swali?" Hakuna aliyeuliza. Tukaagana.

Jumanne jioni

Jumanne nilipita bondeni. Nilimkuta mama mmoja wa kikundi chetu ameinama kwenye tuta. Beseni lake lilikuwa limejaa mchicha. Alikuwa amefunga mafungu 60. Alfajiri ya siku ya pili angeyapeleka sokoni, fungu moja shilingi 500.

Nikamsalimu. Nikamwuliza, "Mama, mchicha huu ulinyunyiza lini?"

Akajibu, "Jumamosi ileile jioni, bibi shamba. Kama ulivyotufundisha. Viwavi wote wamekufa."

Moyo wangu ukashtuka. Nikahesabu: Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Siku tatu tu. Nikamwambia, "Lakini mama, si tulisema siku saba?"

Akanitazama. Akasema kwa upole, "Hukusema hivyo. Na kwenye picha haikuwepo. Mimi nilikaa mbele kabisa. Nilisoma yote, maana sasa najua kusoma."

Nikatoa kishikwambi mfukoni. Nikafungua ile picha. Mstari wa sita ulikuwepo. Nikamwonyesha. Akasoma taratibu, neno kwa neno. Kisha akasema, "Basi televisheni iliuficha."

Ndugu msomaji, maneno ya mama yule yalinichoma. Mtu amejifunza kusoma ukubwani. Ameamini anachokisoma. Halafu mimi mwalimu wake nimempa maandishi yaliyokatwa.

Hatukuuza mchicha ule. Tulichimba shimo tukaufukia. Hata mbuzi hatukuwapa. Hasara ilikuwa shilingi 30,000, na fedha zile alikuwa amezipangia sare za shule za mtoto wake. Nilimlipa nusu kutoka mfukoni mwangu, nusu akanisamehe. Jioni ileile tulizunguka kwa wale wengine 22, nyumba kwa nyumba, kuwaambia wasubiri. Tuliwakuta wawili waliokuwa wamepanga kuvuna kesho yake. Tulimshukuru Mungu.

Televisheni ilifichaje mstari?

Siku ya pili nilikwenda kwa fundi mmoja wa televisheni karibu na barabara ya Morogoro. Ni kijana mdogo, lakini alinieleza vizuri. Nami nakueleza kama alivyonieleza.

Kioo cha televisheni ya siku hizi ni kirefu kwa upana. Ukigawa upana wake mafungu 16, kimo chake kitakuwa mafungu 9. Kishikwambi changu si hivyo. Upana wake ukiwa 4, kimo chake ni 3.

Umbo hili la 4 kwa 3 ni la zamani. Lilianza kwenye sinema katika miaka ya 1890 huko Marekani, katika karakana ya Thomas Edison. Televisheni za zamani za kioo kinene zilifuata umbo hilo. Televisheni ya Zanzibar ilipoanza mwaka 1973, na vituo vya Tanzania Bara vilipoanza mwaka 1994, watu walitazama kwa seti za namna hiyo. Seti za leo ni pana. Lakini bado kuna vishikwambi vingi vyenye umbo la zamani.

Sasa fikiri juu ya shuka na kitanda. Shuka yako ni fupi kwa upana, kitanda ni kipana. Utafanya nini? Kuna njia tatu.

Njia ya kwanza: unaitandika shuka katikati na kuacha nafasi huku na huku. Televisheni ikifanya hivyo, picha inakaa katikati, na pembeni kunabaki weusi. Kimo cha picha ni 9, upana wake ni 12. Televisheni ina upana wa 16. Kwa hiyo mafungu 4 yanabaki meusi, mawili kushoto na mawili kulia. Picha ni nzima na umbo lake ni la kweli.

Njia ya pili: unaivuta shuka kwa nguvu mpaka ienee. Picha ya upana wa 12 inavutwa mpaka 16. Kila kitu kinanenepa kwa theluthi moja. Hivi ndivyo kiwavi wetu alivyonenepa.

Njia ya tatu: unatumia shuka kubwa zaidi ya umbo lilelile. Upana unatosha, lakini urefu unazidi, nawe unakata kilichozidi. Picha inakuzwa mpaka upana wake ni 16. Hapo kimo chake kinakuwa 12. Lakini televisheni ina kimo cha 9 tu. Mafungu 3 kati ya 12 yanapotea. Hiyo ni robo nzima ya picha! Nusu yake inakatwa juu, nusu yake chini. Hivi ndivyo mstari wa siku saba ulivyopotea.

Umeona, ndugu yangu? Kijana wetu aliponya unene wa kiwavi, lakini alikata picha. Picha nene ilituchekesha, tukajua kuna kosa. Picha iliyokatwa ilionekana nzuri, tukaiamini. Kosa linaloonekana ni afadhali kuliko kosa lililojificha.

Pima kwanza kabla ya kuonyesha

Huenda shuleni kwenu, zahanati, au ofisi ya kijiji kuna televisheni, na mtu huja kufundisha kwa kishikwambi. Fundi alinifundisha kipimo rahisi. Hakina gharama.

1. Chukua karatasi nyeupe. Weka kikombe katikati, uchore duara.

2. Andika herufi A, B, C na D kwenye pembe nne za karatasi, karibu na ukingo.

3. Laza kishikwambi kwa upana. Piga picha karatasi hiyo ukiwa juu yake sawasawa, si kwa upande. Karatasi ijaze kioo.

4. Ionyeshe picha hiyo kwenye televisheni, kisha tazama.

Kama duara limekuwa kama yai, picha imevutwa. Kama herufi hazionekani, picha imekatwa. Kama duara ni duara, na herufi zote nne zipo, basi picha ni sawa, hata kama pembeni kuna weusi. Usiuondoe weusi huo. Watu wengi hudhani weusi ni ubovu. Si ubovu. Ni nafasi iliyobaki tu.

Namna ya kurekebisha

Chukua rimoti. Bonyeza kitufe kilichoandikwa "Menu", au chenye alama ya gurudumu lenye meno. Tafuta neno "Picture", yaani picha, halafu tafuta mahali pa ukubwa wa picha. Kila kampuni ina maneno yake, lakini mara nyingi utakuta haya:

"Wide" au "Full": hili huvuta picha hadi ijaze kioo.

"Zoom": hili hukuza picha na kukata kingo zake.

"4:3" au "Original": hili huacha picha katika umbo lake. Kwa kishikwambi kama changu, chagua hili.

Wakati mwingine duara ni zuri lakini herufi zimekatwa kidogo ukingoni. Seti za zamani zilificha ukingo kidogo ili usionekane, na baadhi ya seti mpya zimerithi tabia hiyo. Tafuta maneno "Just Scan" au "Screen Fit". Ukiyachagua, ukingo utarudi.

Ukishindwa kabisa, usikate tamaa. Rudi kwenye maandishi yako. Acha nafasi tupu pande zote nne. Jambo kubwa usiliandike chini kabisa wala juu kabisa. Liandike katikati.

Neno la mwisho

Siku hizi sianzi mkutano kabla ya kuonyesha karatasi yangu ya duara. Watoto wameizoea. Wakiiona tu, wanasoma kwa sauti: "A! B! C! D!" Wakitaja herufi tatu tu, najua kazi haijaanza.

Na jambo lingine. Siku hizi simwachii televisheni kazi yangu. Natazama kishikwambi changu na nasoma mistari yote. Namaliza kwa kushika chupa yenyewe ya dawa, na kumwomba mkulima mmoja asome kibandiko mbele ya wenzake. Mara nyingi namwomba mama yule yule wa mafungu 60. Anasoma taratibu, kwa sauti kubwa. Akifika kwenye siku za kusubiri, hulisoma jambo hilo mara mbili, bila kuambiwa.

Nawe msomaji, umejifunza kusoma. Usiogope kumwuliza mwalimu wako: "Je, maneno yameishia hapo, au kuna mengine chini?" Swali hilo moja, kama mmoja wetu angeliuliza Jumamosi ile, mchicha ule ungesubiri bondeni mpaka siku zake zitimie.

Kuuliza si ujinga.