Nyumba ya Babu Kirumba: Tuivunje au Tuitengeneze?

Kama hujawahi kuamka Kirumba siku ya Jumapili, basi Mwanza bado hujaijua. Jua halijapanda sawasawa, harufu ya dagaa imeshatoka Mwaloni na kukufuata mpaka chumbani. Vihiace vinaita abiria, wanawake wanapita na ndoo za sato, na kule juu vilimani yale mawe makubwa yanaanza kupata rangi. Hapa ndipo nilipozaliwa. Na hapa hapa, mwaka jana, mimi na mume wangu nusura tukosane kwa sababu ya nyumba.

Si nyumba ndogo ile unayoifikiria wewe! Ni nyumba ya babu yangu mzaa mama. Babu alifanya kazi reli, akaijenga miaka ya 1950 kwa mkono wake na wa marafiki zake. Kuta za mawe yaliyofungwa kwa udongo na kupakwa chokaa, baraza mbele lenye nguzo mbili, milango ya mvule mizito kiasi kwamba mtoto hawezi kuifunga. Mama alipozidiwa na umri, kikao cha ukoo kilikaa, nikakabidhiwa mimi.

Baba watoto akafurahi. Wiki haikuisha akaja na mchoro. "Mama watoto," akaniambia, "tunaangusha yote. Tunaweka vyumba kumi vya kupangisha, kila kimoja na choo chake ndani. Miaka mitano tumemaliza kujenga kwetu Buswelu."

Nikanyamaza. Kwa kweli hesabu yake ilikuwa sahihi. Akiba yetu ilitosha kitu kimoja tu, na watoto wanakua. Lakini kila nikilifikiria lile baraza, namwona babu kwenye kigoda chake, redio pembeni. Tukaanza kununiana. Mezani ni "pitisha chumvi" na basi. Nyie mlio kwenye ndoa mnaijua ile baridi ya chumbani ambayo haina uhusiano na upepo wa ziwa.

Jumapili moja nikamwambia, "Twende mjini kwa miguu. Usiseme kitu mpaka turudi." Akacheka, akavaa raba zake.

Kutoka kwetu mpaka katikati ya jiji ni chini ya saa moja kwa mwendo wa mapenzi. Tuliuacha uwanja wa CCM Kirumba nyuma yetu, tukapita viwanja vya Furahisha, tukashuka taratibu hadi mitaa ya katikati. Mume wangu ni mtu wa ujenzi, hivyo macho yake yako juu muda wote. Nikamwambia leo aangalie majengo ya zamani tu, mapya ayaache.

Mwanza ya mjini ilianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1892. Kabla ya hapo, tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa kutoka upande huu na kulipa jina la malkia wake, kana kwamba Wasukuma na Wakerewe waliokuwa wakivua humo hawakuwa na jina lao! Mwaka 1906 alifika daktari Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, akitafuta dawa ya malale. Kilima chenye jengo la Kijerumani juu yake mpaka leo kinaitwa kwa jina lake.

Kisha reli kutoka Tabora ikafika mwaka 1928, na pamba ikapata njia ya kwenda pwani. Ndipo mji ukajaa zile nyumba za Kihindi unazoziona: duka chini, familia juu, roshani ya kukaa jioni. Nyingine zina mwaka wa ujenzi umeandikwa kwenye paji la uso, juu kabisa, kama mtu aliyejichora tarehe yake ya kuzaliwa. Tulisimama mbele ya moja, rangi imebabuka, mti umeota kwenye mfereji wa paa.

"Hii nayo mwenyewe kaisusa," mume wangu akasema, akavunja ahadi yake ya kunyamaza.

Nikamweleza habari ambayo wengi wetu wa umri huu hatukuisoma vizuri shuleni. Mwaka 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo. Nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikachukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wenye nyumba wengi walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na baadhi yao wakaondoka nchini. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Wapangaji walipata pa kuishi mjini, hilo ni jema. Lakini jiulize, kodi ikiwa ndogo na nyumba si yako, nani atapanda juu kufungua mfereji ulioziba? Mti unaota hivyo hivyo.

Mume wangu akauliza, "Kwani hizi hazina ulinzi? Si ni mali kale?"

Hapo ndipo pagumu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye linalindwa likitangazwa rasmi. Sasa mji ulioanza 1892 utapata wapi jengo la 1863? Karibu kila kitu cha zamani katikati ya Mwanza kinategemea ama kutangazwa, ama huruma ya mwenye nacho. Na kiwanja cha mjini kina bei, huruma haina.

Tukaingia Makoroboi. Msongamano wa Makoroboi unaujua, hata ukitaka kugombana na mumeo hamsikilizani. Vitambaa, ndoo, viatu, mahubiri ya kuuza sumu ya panya, na hekalu la Wahindu limesimama katikati ya yote. Eneo lilipata jina kwa mafundi waliotengeneza vibatari kutokana na makopo na mabati yaliyotupwa. Nikamwonyesha kidole. "Unaona? Mtaa mzima una jina la watu waliokataa kutupa."

Akanijibu, "Kibatari hakina msingi wa kuoza, mke wangu."

Ningemjibu nini? Nikamkumbusha fungate yetu Zanzibar. Tulipiga picha mbele ya ile zahanati ya kale pale Barabara ya Mizingani, yenye roshani za mbao za kuchonga. Ilijengwa na tajiri Tharia Topan mwishoni mwa karne ya 19, ikachakaa, na miaka ya 1990 ikakarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan. Leo ukiiangalia huamini. Hatua chache kutoka pale kuna Beit al Ajaib ya mwaka 1883, ambayo tulipopita ilikuwa imefungwa kwa ubovu. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja ukaanguka wakati matengenezo yakiendelea, watu wawili wakafa. Nyumba mbili za umri unaokaribiana, mtaa mmoja, bahari moja. Moja iliwahiwa, nyingine ilicheleweshwa.

"Kwa hiyo wewe unataka tuwahi," akasema.

"Nataka tujue kwanza kama tumechelewa."

Tulikaa kandokando ya ziwa tukala sato wa kukaanga. Mbele yetu jiwe la Bismarck limekaa majini kama kawaida yake, linaonekana kama litadondoka, halidondoki. Mume wangu akawa anaangalia upande wa bandarini. Akasema kitu ambacho sikukitarajia. "Mv Victoria tulishaiona ni chuma chakavu. Imeanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikasimama 2014. Watu wakasema ikatwe. Mwaka 2020 ikarudi majini kwenda Bukoba." Akamumunya mwiba wa samaki. "Lakini waliipima kwanza."

Basi tukakubaliana: na sisi tuipime.

Jumamosi iliyofuata tukamleta mzee mmoja, fundi wa siku nyingi. Shikamoo, marahaba, akaanza kugonga kuta kwa kifundo cha kidole kama daktari anavyogonga kifua. Akaturudisha kwenye kona iliyokuwa ikituumiza kichwa, ile inayovimba na kumenyeka kila masika.

"Nani alipiga plasta ya saruji hapa?"

Nikasema ni mjomba, miaka ya 1990, alitaka nyumba ipendeze.

Mzee akatikisa kichwa. Akatufundisha somo ambalo ningependa kila mwenye nyumba ya zamani alisikie. Ukuta wa mawe na udongo hunyonya unyevu kutoka ardhini, halafu huutoa nje taratibu kupitia chokaa. Chokaa inapumua. Ukiufunika kwa saruji, maji yanaingia lakini hayatoki. Yanakaa ndani, yanaulainisha udongo, na siku moja unasikia kishindo usiku. "Mlitaka kuipamba, mkaiziba pua," akasema.

Vyumba viwili vya mbele na baraza, akasema, ni vizima kabisa. Vyumba viwili vya nyuma vimekwisha, mchwa umekula kenchi na ukuta umetoka mahali pake. Hivyo vivunjwe, tena upesi, kabla havijamwangukia mtoto.

Mwenzangu, nililia. Katika kimoja cha vile vyumba ndimo mama alimozaliwa. Nilikuwa nimejiandaa kushinda au kushindwa, sikujiandaa kupata nusu. Mume wangu hakunicheka wala kusema "si nilikwambia." Alikwenda kung'oa mlango wa mvule wa chumba kile, akaufunga kwa turubai ili mvua isiuharibu. Siku ile ndiyo baridi ya chumbani iliisha.

Tulibandua saruji yote ya mbele tukapiga chokaa na mchanga, tabaka kwa tabaka, kila moja likisubiriwa likauke kwanza. Tukaweka mfereji mpya wa paa na kuchimba mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi. Nyuma tumejenga vyumba vinne vya kupangisha badala ya kumi, na cha kwanza kina mlango ule wa mvule. Buswelu itasubiri, pengine miaka mitatu zaidi, pengine minne. Nisikudanganye, kuna miezi ada za watoto zikifika namwona baba watoto akiangalia baraza kama anapiga hesabu. Huwa namletea chai pale pale barazani. Anakunywa.

UKITAKA KUYAONA MAJENGO HAYA
Njoo Jumapili asubuhi, maduka mengi yamefungwa na unaweza kuinua macho bila kugongwa na mkokoteni. Vaa viatu vya chini. Anza Kirumba, katiza Furahisha, ingia mitaa ya katikati, malizia Makoroboi kisha ziwani. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha makazi ya watu, na kwenye hekalu vua viatu.

NA KAMA UNAYO YA KWENU
Usianze na rangi. Anza na paa na njia ya maji. Ita fundi anayejua chokaa, na umwulize kinachopona na kisichopona. Zaidi ya yote, mwenzi wako awepo jibu likitoka, mlisikie wote kwa pamoja. Sisi ungetukuta tungali tunapitishiana chumvi.