Mbele ya Nyuso Tatu za Jiwe

Boti kutoka Mumbai hadi kisiwa cha Elephanta huchukua kama saa moja. Ndani ya pango, hekalu la Wahindu lililochongwa mwambani zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, nilisimama mbele ya Shiva mwenye nyuso tatu, sanamu inayokaribia mita 6. Nilijikuta nimenyamaza.

Kando yake, sanamu nyingi zimevunjika mikono na miguu. Mwongoza watalii alisema ni kazi ya askari wa Kireno. Rozari iliyokuwa shingoni nikaiingiza ndani ya shati.

Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba Kanisa halikatai lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Seminarini nililijibu hilo kwenye mtihani. Pale pangoni nilisali Baba Yetu, nikakwama kwenye kuomba msamaha.